Sikio la Shaba

Kipimajoto cha sikio hakifi ghafla kama balbu. Kinapotea polepole, huku taa yake inawaka, namba zinasomeka vizuri na kinalia pii kama kawaida. Anayekishika anakiamini. Ndiyo maana hospitali inaniweka mimi.

Karakana yangu iko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Mabomba ya moto yanapita ukutani, dirisha ni moja na halifunguki, na harufu ya sabuni imeingia mpaka kwenye chai. Juu ya meza kuna sanduku la maji ya moto. Ndani ya maji kimezamishwa kikombe chembamba cha shaba, cheusi tititi kwa ndani, mdomo wake umetokeza nje. Hospitali nzima inakiita Sikio. Maji yakishatulia kwenye joto unalolitaka, unaingiza ncha ya kipimo kwenye Sikio kama unavyoiingiza kwenye sikio la mtu, unabonyeza, unasoma. Pembeni, kwenye maji hayohayo, kuna kipimajoto kirefu cha kioo. Huyo ndiye Hakimu. Hakimu akisema thelathini na tisa, ni thelathini na tisa, na kipimo kikisema vingine basi kimekosa. Nakirekebisha, na kikikataa nakitupa kwenye boksi la vibovu. Hakimu naye kila mwaka husafirishwa kwenda kukaguliwa na mahakimu wakubwa zaidi yake. Hao nani anawakagua, sijui, na sina nguvu ya kuuliza.

Kazi si ngumu, inachosha tu. Kipimo kikitoka wodini hakipimwi hapohapo. Lazima kikae mezani kizoee hewa ya chumba, nikifute, kikauke, ndipo nikiingize. Wauguzi hawana subira na hilo.

"Fundi, kitu chenyewe kidogo hivi, kinakaa kwako kama bwana harusi anasubiri kuvishwa?"

"Kichukue basi, ukapime kwa kubahatisha."

Huwa wanaondoka wanacheka, na kesho yake wanarudi kuuliza tena.

Jumatatu moja metroni alikuja mwenyewe, na si kawaida yake kufika huku nyuma. Alikuwa ameshika kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kama kitu cha polisi.

"Hiki usikirekebishe," alisema. "Kipime kilivyo. Alhamisi uje kwenye kikao utuambie kiko sawa au hakiko sawa. Maneno mengine hatuyahitaji."

"Cha wodi gani?"

"Ya watoto."

Akaniangalia machoni, kisha akaangalia mabomba. Kila mtu pale anajua kwamba msimamizi wa wodi ya watoto ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Habari zenyewe nilikuwa nimeshazisikia kwenye foleni ya chai. Mama mmoja alileta mtoto wa kike, hata kutembea alikuwa hajakomaa. Alisema mtoto anachoma. Shemeji akampima sikioni, kipimo kikasema joto liko kawaida. Mama akasema hapana, mshike. Wodi ilikuwa imejaa, watoto wanalala wawiliwawili, shemeji hajakaa tangu asubuhi. Akasema kipimo hakina maneno mengi, mpeleke nyumbani, mpe maji. Jioni mtoto alirudishwa akiwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Alinusurika kufa, lakini bado yuko kitandani, na mkono wake wa kushoto haushiki kitu.

Kwa hiyo swali la kikao lilikuwa jepesi. Kama kipimo ni kibovu, kosa ni la kipimo, na nyuma ya kipimo kuna mimi. Kama kipimo ni kizima, shemeji hakupima vizuri na usimamizi wa wodi unaondoka. Usimamizi ukiondoka na nyumba inaondoka, ile iliyo nyuma ya hospitali ambayo hupewa msimamizi. Na ndani ya nyumba ile amelala mama mkwe wangu, ambaye miguu ilimwacha zamani ila mdomo haujamwacha.

Nilikiacha kipimo kikatulia. Nikakifuta, nikakisubiri. Nikakiingiza kwenye Sikio, maji yakiwa kwenye joto la mtu mzima wa afya. Sawasawa na Hakimu. Nikapandisha maji mpaka homa. Sawasawa. Nikapandisha mpaka homa kali. Sawasawa. Nikarudia yote kesho yake, nikitumaini kitakosa. Kilikuwa kipimo kizuri kuliko vyote vilivyopita mezani kwangu mwaka ule. Nilitamani kukipiga chini.

Nyumbani mke wangu hakuuliza habari za kazi, na mimi nilijua hiyo ni dalili mbaya. Aliweka chakula, akakaa upande wa pili wa meza, akakunja mikono.

"Kikoje?"

"Kizima."

"Kizima kwa nani?"

"Kwa Hakimu."

"Huyo Hakimu wako ana mama mkwe?" Nikacheka, yeye hakucheka. "Baba watoto, sikiliza. Ukisema kibovu, watakukaripia. Wewe unakaripiwa kila mwaka na hujawahi kupungua hata kilo. Ukisema kizima, mdogo wangu anatolewa pale alipo, na mama analala wapi? Hapa? Kwenye hivi vyumba viwili?"

"Atalala pale kwenye kochi."

"Na wewe utapita hapo asubuhi na taulo lako?"

Nikamega tonge.

"Mtu haulizwi ukweli wote," alisema akiondoa sahani ambayo sikuwa nimeimaliza. "Anaulizwa neno moja. Neno moja linakushinda?"

Jumatano shemeji alikuja karakana. Wodini wanamwita Sista Spiriti, kwa sababu tangu vile vikofia vya plastiki vya kuvalisha ncha ya kipimo vilipokwisha stoo, yeye ndiye aliyeamuru kila kipimo kifutwe kwa pamba yenye spiriti kati ya mtoto na mtoto. Masikio yalikuwa yanaambukizana usaha. Alipoanza kufuta, usaha ukakoma, na wodi nyingine zikamwiga. Mimi kwa upande wangu nilivirekebisha vipimo vyote upya visome sawa bila kofia. Tulikuwa tumejipanga vizuri, au tulidhani hivyo.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu akavivua. Miguu ilikuwa imevimba.

"Usiniambie," alisema. "Uso wako umeshaniambia."

"Nimekipima mara nyingi, shemeji."

"Kipime tena nikiona."

Nikakipima mbele yake. Sawasawa. Akanyoosha mkono nikampa. Akakigeuzageuza kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa na pamba, akakifuta ile ncha haraka, futa futa, bila hata kuangalia, vile mtu anavyojikuna. Akakitia sikioni mwake. Pii.

Akasoma. Akakunja uso.

"Thelathini na tano na kidogo. Shemeji, kumbe nimeshakufa."

"Ungekuwa umekufa ungenyamaza."

"Hapana, nimekufa. Ndiyo maana miguu inaniuma hivi, ni ya maiti." Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, kisicho na sauti. Akakifuta tena, futa futa, akakitia sikio la pili. Pii. "Na huku vilevile. Nimekufa pande zote."

Kicheko kilinikatika mimi kwanza. Nilikichukua mkononi mwake na kukiingiza kwenye Sikio, palepale, ncha ikiwa bado inanukia spiriti. Hakimu alikuwa amesimama kwenye homa kali. Kipimo kilisema mtu huyu hana tatizo lolote. Sikufanya kitu, nilikishika tu. Baada ya muda nikabonyeza tena. Kimepanda. Nikangoja, nikabonyeza. Kimepanda zaidi. Nikangoja mpaka mkono ukaanza kufa ganzi, nikabonyeza. Sawasawa na Hakimu.

Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Spiriti ikikauka inaondoka na joto. Yeye anaujua ubaridi ule, amewapaka watu kabla ya sindano maisha yake yote. Kile kioo kidogo cha mbele kikipoa, kipimo kinadhani sikio ndilo limepoa. Mimi mezani kwangu huwa nafuta na kungoja kikauke. Kule wodini, watoto wamepanga foleni wanalia, wanafuta na kupima, wanafuta na kupima. Kila mtoto aliyefuata alipimwa na kipimo chenye baridi.

Shemeji alivaa viatu vyake. Kimoja kilikataa kuingia, akakanyaga kisigino.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Mimi sikukwambia kingojwe."

"Na mimi sikukuuliza." Akasimama. "Kikao saa ngapi?"

"Saa nne."

Akatoka. Hakuniomba kitu, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu angeniomba ningemkatalia kwa ubishi tu. Badala yake nilibaki na maneno ya mke wangu. Nikawaza hivi. Shemeji ameshajua kosa, hatalirudia. Mtoto ameshaumia, ukweli hautamrudishia mkono. Kipimo hakina familia. Mimi nikisema ni kibovu nitapigwa kelele, nitaitikia ndiyo mkuu, nitarudi kwenye mabomba yangu. Mama mkwe atabaki kwake. Ni neno moja. Mpaka nafunga karakana nilikuwa nimeshaamua.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mganga mkuu. Meza ndefu, viti vya aina tatu, feni inazunguka kwa kujilazimisha. Mganga mkuu alikaa katikati, metroni kulia kwake. Shemeji alikaa upande wa dirisha, sare yake imepigwa pasi kama ya siku ya kwanza kazini. Mama wa mtoto alikaa karibu na mlango, ukingoni mwa kiti, mkoba ameukumbatia. Hakuna aliyemwambia aegemee.

Mganga mkuu hakutaka kupoteza muda. "Fundi. Kipimo kiko sawa au hakiko sawa?"

"Hakiko sawa," nikasema. "Kinasoma chini."

Ilitoka kirahisi mno. Nilimwona mganga mkuu akishusha mabega. Mtu anayeambiwa mashine ndiyo yenye kosa hufarijika, maana mashine haina wa kuitetea.

"Kwa nini hukugundua mapema?"

"Vimezeeka, mkuu."

"Vyote?"

Hapo sikuwa nimepafikiria. Nikasema, "Ni vya kundi moja."

"Basi imekwisha," alisema, akamgeukia metroni. "Vipimo vyote vya aina hii vitolewe kwenye wodi zote, leo hii. Visitumike tena."

"Na vingine?" metroni akauliza.

"Tutaagiza."

Tutaagiza. Vikofia vya plastiki navyo viliagizwa. Nilimwona metroni akifumba macho kidogo. Aliona nilichoanza kukiona mimi: wodi ya watoto, ya wazazi, ya wanaume, zote zinarudi kupapasa paji la uso, usiku na mchana, mpaka hapo mzigo utakapokuja, kama utakuja. Vipimo vizima, nilivyovisawazisha mwenyewe kimoja kimoja, vinaingia kwenye gunia. Nilifungua mdomo.

"Fundi anadanganya," shemeji alisema.

Hakupandisha sauti. Mganga mkuu alimwangalia kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Kipimo ni kizima. Jana alikipima nikiona, na alishakipima kabla yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakipoza." Akaeleza, maneno machache, mikono juu ya magoti. Kufuta, spiriti, haraka. Wodi nyingine kumwiga. "Mkiviondoa watoto watabaki bila kipimo. Msiviondoe. Kinachotakiwa ni kungoja kikauke."

Feni ilizunguka. Mganga mkuu akanigeukia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa wewe ulikuwa unasema nini hapa?"

"Nilikuwa namsemea shemeji."

"Hapa ni hospitali, fundi. Si kikao cha ukoo."

"Ndiyo, mkuu."

Mama wa mtoto alikuwa ameinuka nusu, mkoba bado kifuani. Aliongea na shemeji moja kwa moja, kana kwamba sisi wengine tumetoka.

"Kwa hiyo kile kitu kilikuwa kizima?"

"Kizima, dada."

"Na mimi nilikwambia umshike."

"Uliniambia. Mara mbili."

Mama akakaa. Akafungua mkoba, akaufunga. "Nilipokwambia hivyo ulikuwa huniangalii," alisema. "Sasa baba yake nitamwambia nini? Yeye alisema niliwahi mno kurudi nyumbani. Alisema ningekaa pale mlangoni mpaka wanifukuze."

Metroni alisogeza glasi ya maji upande wake na yeye hakuigusa.

Uamuzi haukuchukua muda. Shemeji anaondoka kwenye usimamizi, anahamia chumba cha kufunga vidonda. Nyumba airudishe mwisho wa mwezi. Funguo za wodi akabidhi kesho asubuhi. Mimi nikapewa onyo, na la safari hii lilikuwa na maneno mazito kuliko ya zamani. Vipimo vibaki.

Tulitoka pamoja. Kwenye ukumbi mrefu mtu alikuwa anapiga deki, tukatembea ukingoni kumkwepa.

"Unadanganya vibaya," shemeji aliniambia. "Masikio yanakuwa mekundu."

"Dada yako ataniua."

"Atatuua wote. Wewe kwa kuanza, mimi kwa kumaliza." Alitembea kidogo. "Mama hapendi kochi, nakwambia mapema. Anataka kitanda, na kiwe karibu na dirisha."

"Dirisha ni moja."

"Basi mmeshalipoteza."

Alisimama kwenye kona ambapo ukumbi unagawanyika. Upande mmoja unaenda kwake, ambako mama mkwe anangoja kusikia. Alitazama huko kwa muda.

"Mpaka kesho asubuhi bado mimi ni msimamizi," alisema. "Nikiwa chumba cha vidonda hakuna atakayenisikiliza. Twende wodini sasa hivi."

"Metroni atawaandikia."

"Metroni atabandika ukutani. Nani anasoma ukuta?"

Nilikuwa na maji yamewashwa karakana, nilikuwa na njaa, na nilikuwa sitaki kumwona mtu yeyote anayevaa sare. Nikamfuata.

Kwenye wodi ya wanaume muuguzi alitusikiliza amesimama mguu mmoja, kama mtu aliyebanwa na haja. Akasema sawa, sawa, akakimbia kwenye kengele. Sijui alishika maneno mangapi. Kwenye wodi ya upasuaji walikuwa wawili, na mmoja akaanza kubisha: ameshafuta hivyo miezi mingi na hakuna aliyekufa. Shemeji akampa pamba. "Jifute na ujipime." Akajipima, akaona namba yake, akakaa chini. Mwenzake akamcheka, akajipima naye, akaacha kucheka.

Wodi ya wazazi tuliifikia mwisho. Vitanda vilikuwa vimesogezwa mpaka vinagusana, vichanga vinalia kwa kupokezana. Muuguzi alikuwa mmoja, mnene, jasho limelowesha sare mgongoni, kipimo kikining'inia shingoni kwa uzi wa bandeji.

"Dada, wewe ndiye uliyetufundisha kufuta," muuguzi alisema, shemeji alipomaliza kueleza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Na sasa unaniambia nifute halafu nisimame tu."

"Usimame kikauke."

"Nina vitanda hivi vyote." Alizungusha mkono. Hakuwa anagomba, alikuwa anatuonyesha tu. "Nikisimama kwa kila mmoja, wa mwisho nitampima kesho. Nisipofuta, masikio yanaoza. Nikifuta nisingoje, namba ni za uongo. Niambieni nyinyi, nifanye kipi?"

Shemeji alinigeukia. Nilijua anachokiuliza. Wakiwa na vipimo viwili, kimoja kinakauka huku kingine kinafanya kazi. Cha pili sina. Nina lile boksi la vibovu, na ndani yake pengine vipo viwili vitatu vinavyoweza kufufuka nikiwa na macho mazuri na subira, na macho na subira vyote vinanipungukia.

"Nitaangalia," nikasema. "Siahidi."

"Hata huyu haahidi," muuguzi akamwambia shemeji, na wakatazamana kama watu waliolala njaa nyumba moja.

Kitanda cha karibu mama mmoja kijana aliinua kichanga chake, uso mwekundu, ngumi zimefumbwa. "Sista, huyu anachoma," alisema.

Shemeji hakukigusa kipimo. Kwanza aliweka kiganja chake shingoni mwa mtoto, akakiacha hapo. Kisha akamwangalia mama. "Anachoma kweli," akamwambia. Ndipo akanyoosha mkono, muuguzi akavua ule uzi shingoni na kumpa kipimo. Akakifuta kwa spiriti, ncha yote, akakishika hewani. Muuguzi akakiinamia na kuanza kukipulizia.

"Usipulizie," nikasema. "Pumzi ina maji."

Akaacha. Tukasimama watu wazima watatu tumezunguka kijitu cha plastiki, mtoto analia, vitanda vingine vinaita sista, sista. Spiriti haina haraka ukiwa unaiangalia. Mama kijana alitutazama mmoja mmoja, akadhani kuna jambo tunamficha.

"Mnangoja nini?" akauliza.

"Kikauke," shemeji alisema, na hakuondoa kiganja chake shingoni mwa mtoto.